Matroni Anatafuta Hoteli Mjini kwa Binti Yake

Mtu wa kwanza kunitumia kama mtaalamu wa utalii, na mpaka leo wa pekee, ni Matroni.

Cheti ninacho. Nilikisomea jioni kule Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, nikitoka ghalani Villawood na unga wa mbao za paleti kwenye nyusi, nikipanda treni ya safari ndefu kiasi kwamba mtu anaweza kuipanda kijana akashuka ana wajukuu. Nimesinzia kwenye kila kituo cha reli ile. Viti vyake vinaijua shingo yangu. Siku ya kuhitimu, mke wangu Zaina alipiga kigelegele kirefu mpaka msoma majina akakaa chini kusubiri. Cheti tumekitundika sebuleni, kwenye fremu kubwa kuliko televisheni, na kila akikifuta vumbi Zaina huuliza kitaanza kazi lini. Namjibu kwamba kilishaanza zamani. Kilianza na Matroni, na kazi yake ilikuwa moja, haikubadilika miaka yote: kumtafutia hoteli Amsterdam.

Simtaji jina kwa sababu sikuwahi kumsikia mtu akimwita jina. Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana huko kwao Kenya, yule anayekagua vitanda, kucha na madaftari ya mapenzi. Hapa Sydney alitunza wazee kwenye makao ya wazee Seven Hills, lakini cheo kilipanda ndege pamoja naye. Wakenya walimwita Matroni, sisi Watanzania tulimwita Matroni, Wakongo walimwita Mama Matroni, na nasikia hata meneja wake, Mzungu mtupu, alimwita hivyo akidhani ndilo jina la ubatizo. Alizaliwa wapi na nani, hayo hamtayapata kwangu. Sikuuliza. Matroni hakuwa mtu wa kuulizwa, alikuwa mtu wa kuuliza.

Msomaji wa kwetu najua ameshakunja uso. Binti yake wa pekee anaishi Amsterdam, ana kazi, ana mume, ana mtoto. Mama ana mtoto mjini, hoteli ya nini? Kwetu mama akifika, watoto hulala sakafuni, mwenye nyumba huhamia kwenye kochi, na mama hupewa kitanda kikubwa hata kama hakukiomba. Mama kulala hotelini penye mwanawe ni habari ya kunong'onezwa. Na sisi tulinong'ona, sana. Mwenyewe alitupa majibu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali: nyumba ya binti ni ndogo, binti anafanya kazi nyumbani, yeye Matroni hapendi kusumbua watu. Tukakubali, kama mtu anavyokubali chai isiyo na sukari nyumbani kwa mgeni wa heshima.

Nianze na vitanda, maana huwezi kumweleza mtu huyu bila kitanda.

Mara ya kwanza kuja kwetu alikuja kumpongeza Zaina kwa mtoto wetu wa pili. Alipita sebuleni bila kukaa, akaenda moja kwa moja chumbani, akainua ncha ya shuka kwa vidole viwili kama mtu anayemshika panya mkia, akatandua kila kitu na kuanza upya. Zaina alisimama mlangoni na sinia ya chai, mtoto begani. Alipomaliza, kona za shuka lile zilikuwa kali, ungeweza kukatia nyanya. "Sasa mtoto atalala," alisema Matroni, akapokea chai. Zaina hakumsamehe mwaka mzima, na mpaka leo anakunja kona zake vilevile.

Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, naye mtu wa bara huko Kenya alikuwa hajaizoea. "Marahaba, marahaba, yatosha, keti," alisema, kama anayemrudishia mtu chenji.

Wanangu walimwogopa kuliko daktari wa meno. Wakimsikia mlangoni walikimbia kunawa mikono, na walijibu kwa Kiingereza chao cha puani alipowauliza kwa Kiswahili kama wameswali, wamekula, wametandika. Hakuwachekea hata mara moja. Lakini Zaina, aliyefanya naye shifti moja makaoni, alinisimulia Matroni mwingine kabisa. Kule, alisema Zaina, aliwachana nywele bibi wa Kizungu taratibu kama anachambua pamba. Alikaa kwenye vitanda vyao, yeye ambaye bwenini kukaa kwenye kitanda kilichotandikwa lilikuwa kosa la kufagia uwanja. Aliwashika mkono wakisubiri watoto wao waje, na watoto wale hawakuja, na alirudi kwenye chumba cha chai akiwa na hasira ya simba.

"Wako na watoto Sydney hii hii," alimwambia Zaina. "Hii hii! Mtu anashindwa kupanda basi kuja kumwona mamake. Anatuma maua. Maua ni ya maiti."

Huyo ndiye aliyekuwa anatafuta hoteli.

Siku yetu ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuja na maziwa yake, kwa sababu aliamini chai yangu ina maji ya kuogelea, akakaa kwenye meza ya jikoni na kuvaa miwani. Nami nilifungua kompyuta kwa madaha ya mtu mwenye fremu ukutani.

"Leo tunaanza na zipi, mteja wangu?"

"Usiniite mteja. Fungua."

Hoteli za kampuni alizikataa kabla picha hazijafunguka. "Vyumba vyote sawa, kama vipande vya sabuni. Ukizinduka hujui uko nchi gani." Alitaka nyumba ya watu, nyumba yenye mwenyewe. Alizipenda zile nyembamba za kale zilizopangana kandokando ya mifereji, zimeegemeana mabega kama walevi wanaosindikizana, na juu kabisa pana ndoano ya kupandishia makabati kwa kamba kwa vile ngazi za ndani hazipitishi hata kiti. Zile si ngazi, ndugu zangu. Ni ukuta uliotobolewa mahali pa kuweka vidole. Na magoti ya Matroni yalikuwa yamebaki Seven Hills, kwenye migongo ya wazee aliowainua.

"Matroni, hii haina lifti."

"Nimeona."

"Chumba kiko juu kabisa, darini."

"Kuna dirisha linaangalia maji?"

"Lipo."

"Basi magoti yatajijua."

Halafu ikaja kona ya shuka. "Vuta karibu. Hapo. Vuta tena." Nikavuta mpaka picha ikawa ukungu. "Nionyeshe kona ya shuka nikuambie kama mwenye nyumba ana adabu." Kwa kona ya shuka alifuta nusu ya mji wa Amsterdam. Zilizobaki tulizipa majina yetu wenyewe. Kulikuwa na Nyumba ya Paka, kwa sababu paka mnene alilala kwenye kaunta ya mapokezi katika kila picha. Kulikuwa na Mlango wa Kijani. Kulikuwa na Nyumba ya Mjane, yenye mama mtu mzima aliyesimama mlangoni kwa gauni jeusi, mikono imefumbatwa tumboni, kama anakusubiri wewe hasa. Maoni ya wageni nilimtafsiria yote, lakini yaliyohusu kifungua kinywa na intaneti aliyaruka. "Wanasemaje juu ya mwenyewe? Asubuhi anauliza umelalaje?"

Si kwamba alikuwa mjuzi. Mama Neema, Mkongo anayeongoza kila kitu katika jumuiya yetu bila kuchaguliwa na mtu, aliwahi kumwomba amchagulie hoteli ya Melbourne kwa ajili ya harusi. Matroni akachagua kwa kona ya shuka. Ikawa iko juu ya baa, na familia nzima ikacheza muziki wa watu wengine mpaka asubuhi wakiwa wamelala chali. Mama Neema alipokuja kulalamika, Matroni hakuyumba.

"Kitanda kilikuwa kibaya?"

"Kitanda ilikuwa muzuri, Mama, lakini kelele!"

"Mlienda kulala au kusikiliza?"

Sharti lake lililonitatiza ni la umbali. Kila hoteli tuliyoipenda ilibidi niitafute kwenye ramani na kuipima na mtaa wa binti.

"Isiwe mtaa wake," alisema. "Nisionekane namchungulia."

"Basi tuchukue hii ya upande wa pili wa mji, bei nzuri."

"Hapana. Isiwe mbali pia. Iwe mbali ya mtu anayetembea na mtoto mdogo mkononi, na mtoto asichoke."

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa, lakini mimi niliandika tu kwenye kisanduku cha kutafutia.

Jumamosi moja, katika kumfurahisha, nilifungua zile picha za barabarani zinazokuwezesha kutembea mtaa wa watu ukiwa umekaa jikoni kwako. Nikamtembeza ukingo wa mfereji, tukapita madaraja, baiskeli za watu wote duniani zimefungwa kwenye vyuma, nikakunja kushoto, nikamsimamisha mbele ya nyumba ya binti yake. Nilitegemea anibusu. Nyumba ilikuwa pana kuliko jirani zake zote. Madirisha marefu, pazia jeupe, gari la mtoto barazani. Juu, darini, kulikuwa na dirisha dogo la duara linaloangalia maji, na nyuma yake ungeweza kuona wazi mbao ya kichwani mwa kitanda.

Matroni aliangalia kwa muda. Chai yake ikafanya utando.

"Funga," alisema.

Toka siku ile hakuniambia tena kwamba nyumba ya binti ni ndogo.

Kila mwaka tulifika mahali pamoja. Hoteli imepatikana, kidole changu kiko juu ya kitufe, naye anasema, "Ngoja kwanza nimuulize binti kama tarehe zinamfaa." Jumamosi inayofuata anakuja na maziwa, anavua koti, anakaa. "Mwaka huu ana kazi nyingi. Tuendelee kutafuta." Na tunaendelea, kana kwamba kilichokosekana ni hoteli.

Sasa nieleze hadithi aliyoipenda kuliko zote, maana aliisimulia kwenye kila mkusanyiko wetu, na sisi wenyewe ndio tulikuwa tunaiomba. "Matroni, ile ya binti yako bwenini!" Naye anaweka sahani chini, anajifuta midomo.

Binti yake alisoma shule ileile aliyofanyia kazi, akalala bweni lake. Siku ya kwanza mtoto alimwona mama yake mlangoni na funguo kiunoni, akamkimbilia. "Mama!" Wasichana wote wanaangalia. Na Matroni, akitusimulia, alisimama wima hapo kwenye nyasi za bustani, katikati ya moshi wa nyama, akanyoosha kiganja kama askari wa barabarani.

"Nikamwambia: hapa hakuna mama. Hapa kuna Matroni. Ukinihitaji, panga foleni na wenzako."

Tulipiga makofi. Nasema kweli, tulipiga makofi! Mama Neema alikuwa anafuta machozi. "Huyo njo mama wa kweli! Hapana upendeleo!" Wazazi waliwageukia watoto wao wa Sydney, waliokuwa wamelewa simu na soseji, wakawaambia mnasikia?

Matroni alinogewa, akaongeza. Kwenye ukaguzi, kitanda cha binti yake ndicho kilichoanguka mara nyingi kuliko vyote, ili asije mtu akasema. Na siku ya kutembelewa, ile Jumapili ambayo wazazi hujaa uwanjani na hotpoti za kuku na chapati, kila msichana amekaa na watu wake chini ya kivuli, binti alikaa bwenini.

"Peke yake?" niliuliza siku moja.

"Atembelewe na nani? Mimi niko kazini, nakagua mabakuli yasiingize pombe. Nikikaa naye wenzake watasemaje? Alikuwa anasoma kitabu pale kitandani mpaka kengele ya saa kumi. Na alikuwa ametandika vizuri, hata mkunjo hakuna." Akacheka. "Leo ni mhandisi. Mngedhani alitokea wapi?"

Makofi tena. Chakula kikaendelea.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja ya mvua, aliingia bila maziwa.

"Amesema sawa," alisema.

"Amesema uje?"

"Nimekwambia amesema sawa. Fungua Nyumba ya Mjane."

Nilibonyeza kile kitufe kwa fahari ya rubani. Zaina alipiga kigelegele cha pili kwa urefu katika maisha ya nyumba yetu. Matroni aliomba nimwonyeshe tena ile picha ya mama wa gauni jeusi mlangoni, akaiangalia, akasema kwamba anaonekana mtu mzuri.

Kumsindikiza tulifanyia kwangu, Jumapili jioni, pilau la kulisha kikosi. Kwetu msafiri haondoki mikono mitupu, na msafiri mwenye binti aendako ni posta ya taifa. Zaina alitoa doti ya kanga mpya. Mama Neema alileta kitenge na mashuka ya kitanda ya kutarizi. Mwingine kahawa, mwingine viungo vya pilau, mwingine kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. "Mpelekee binti. Mwambie ni za nyumba yake." Begi likavimba mpaka nikalikalia.

Ndipo Mama Neema akasimama na simu. Hakuna anayeweza kumzuia Mama Neema akiwa amesimama na simu.

"Mama, piga kwa mutoto! Tumusalimie! Tumuambie mama iko njiani!"

"Yuko kazini," alisema Matroni.

"Kule ni asubuhi ya Jumapili! Kazi gani? Piga, piga!"

Watu wote wakaitikia, piga, piga, kama harusini. Matroni akapiga. Simu ikaegemezwa kwenye jagi la maji ili kila mtu aone. Ikaita, ikaita, na tukatokea mbele ya mwanamke mwenye uso wa Matroni usio na miwani, nyuma yake dirisha refu na maji yanayometameta.

"Hujambo, Matroni," alisema.

Chumba kikaangua kicheko. "Sikia!" alipiga ukelele Mama Neema. "Hata yeye! Hata yeye anamuita Matroni!" Tulidhani ni utani wa kifamilia. Mimi nilicheka kuliko wote, nilicheka mpaka punje ya wali ikapotea njia. Binti hakucheka. Alisubiri tumalize, kwa adabu.

"Binti," alisema Mama Neema, akijipenyeza mbele ya kioo, "mama anakuja! Umetandika kitanda?"

Yule mwanamke aliangalia pembeni kidogo, akarudi. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani, hakijaingia kutu.

"Si Matroni ameshapata hoteli? Nimeona picha zake. Ni nzuri sana. Vitanda vimetandikwa vizuri, hata mkunjo hakuna."

Kisha akatukaribisha Amsterdam sote, akatutakia Jumapili njema, akakata.

Mama Neema alibaki ameshika kitenge. "Ah, non," alisema chinichini. Nilimwangalia Matroni. Alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza yangu, anaikunja kwa chini, kona kali, anaisawazisha kwa kiganja, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mtandao wa huko si mzuri," alisema.

Mtandao ulikuwa safi kama kioo. Tungeweza kuhesabu kope za binti yake.

"Mubaya sana," alisema Mama Neema haraka. "Mubaya. Leteni soda."

Matroni akaenda Amsterdam, akarudi. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi alitusimulia sote: binti mzima, mjukuu mrembo, mji ni wa maji kama mnavyouona, zawadi zimepokelewa na kila mtu anashukuriwa kwa jina. Alitaja majina yote, hakumwacha hata mtu mmoja. Tukapiga makofi, maana hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Mama Neema peke yake ndiye aliyeuliza.

"Na ulilala wapi, Mama?"

"Nililala vizuri," alisema Matroni.

Ukapita muda. Magoti yakamwondoa kazini, akawa hatoki. Zaina alimpelekea chakula mara kwa mara na kurudi akisema amepungua, amebaki miwani. Mimi nilitingwa na ghala. Hii ndiyo sentensi ambayo kila mtu Sydney anayo mfukoni. Halafu mchana mmoja wa baridi akanipigia simu mwenyewe.

"Kijana. Njoo na kompyuta."

Fleti yake iko nyuma ya stesheni, treni zikipita vikombe vinaongea kabatini. Nilimwamkia, akapokea bila kusema yatosha. Nilipokaa nikaona chumba chake cha kulala, mlango uko wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa mashuka ya kutarizi ya Mama Neema. Juu yake imelazwa kanga ya Zaina, bado ina mistari ya kukunjwa dukani. Juu ya mto, kofia ya mtoto.

Aliona nilikokuwa naangalia.

"Binti alisema hana mahali pa kuviweka," alisema. "Ni watu wa vitu vichache. Usimwambie mkeo."

"Sitamwambia."

"Hoteli ilikuwa nzuri. Ulichagua vizuri." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwa cheti kile. "Yule mama wa gauni jeusi alinipokea mlangoni vilevile kama kwenye picha. Alibeba begi langu yeye mwenyewe kwenye zile ngazi, mtu wa umri wangu. Kila asubuhi aliniuliza nimelalaje. Shuka, sawa. Kona, sawa. Dirisha, maji, kila kitu."

"Na binti?"

"Alikuja Jumapili."

Nikaweka kompyuta mezani bila kuifungua.

"Nilifika Jumatatu. Alituma ujumbe, akasema, Matroni, nitakuja siku ya kutembelewa. Nikadhani anasema tu. Nikakaa. Natoka kidogo, naangalia yale madaraja, narudi, asije akapita nisiwepo. Jumapili nikavaa ile suti yangu ya kijani toka asubuhi, nikashuka sebuleni." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Akaja na mtoto. Amebeba hotpoti. Kuku na chapati."

Treni ilipita. Vikombe vikaongea, vikanyamaza.

"Tukala pale sebuleni kwenye sahani za yule mama. Chapati laini, zinachambuka. Sikumfundisha mimi."

"Nani alimfundisha?"

"Sijui. Sikuuliza." Akarudisha miwani. "Aliniuliza afya, aliniuliza magoti, aliniuliza hali ya hewa ya Sydney. Hakuna neno baya alilosema. Ningependa uelewe hilo. Nilianza kumwambia kitu, nilikuwa nimekipanga toka kwenye ndege. Akaangalia saa, akasema, saa kumi, Matroni. Kengele imelia. Akafunika hotpoti."

Mimi mtu wa maneno, mnajua. Nina utani wa misiba, nina utani wa mahabusu. Siku ile niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Yule mtoto ni mzuri," aliendelea. "Anaongea lugha yao. Walipokuwa wanavaa makoti alinionyesha kwa kidole, akamuuliza mama yake jambo, mama yake akajibu. Walipoondoka nikamwomba yule mama wa hoteli anitafsirie. Hakutaka. Alijifanya anapanga vikombe. Nikamlazimisha."

"Mtoto aliuliza nini?"

"Aliuliza huyu ni nani."

"Na binti akasemaje?"

"Akasema, huyu alikuwa anafanya kazi shuleni kwetu."

Alinyanyuka kwa kushika meza, akaenda kuleta maziwa, akamimina kwenye chai yangu bila kuniuliza, mengi. Alikaa tena kwa awamu, goti moja, kisha jingine.

"Fungua basi. Mwakani amesema sawa."

"Amesema..."

"Amesema sawa. Jumapili moja. Atakuja naye mtoto."

Nikafungua. Nikaenda moja kwa moja kwenye Nyumba ya Mjane, nikijua ndiyo, kidole tayari.

"Ile hapana," alisema Matroni.

"Kwa nini? Umesema haina kosa."

"Haina kosa. Sebule yake ina viti viwili tu. Mtoto alisimama muda wote."

Nikatafuta nyingine. Ikatokea Mlango wa Kijani, na kwa mazoea ya miaka nikaenda kwenye picha za chumbani, nikaanza kuvuta kona ya shuka ili aione. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akauzuia.

"Achana na kitanda," alisema. "Nionyeshe mahali wanapokaa wanaokuja kutembelea."